Mwanga Ambao Fundi Kengeza Hakuuona

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kengeza, na cha ajabu ni kwamba hakuwa na kengeza. Macho yake yote mawili yalitazama mbele kama ya watu wengine. Ila kwa miaka arobaini alikuwa akibana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia tangu asubuhi hadi jioni, mpaka ngozi ya pale ikajikunja, na ikabaki imejikunja hata kioo kikiwa mezani. Ukikutana naye njiani ungedhani anakukonyeza. Wanawake wa sokoni walishamzoea. Wageni nao walimkonyeza.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha pana na meza iliyotandikwa blanketi la kijivu. Blanketi lile halikuwa pambo. Skrubu ya kamera ni ndogo kuliko punje ya mchele. Ikiangukia mbao hurukaruka na kupotea, lakini ikiangukia blanketi hutulia ilipo kama mtoto aliyelala. Alianza na kamera, enzi zile za filamu. Simu zilipoanza kupiga picha, watu wakamhurumia wakidhani njaa itamuua. Yeye akahamia kwenye darubini za watazama ndege, hadubini za shule na mashine za wapima ardhi. "Kioo ni kioo," alisema. "Kikiumwa, kinaletwa kwangu."

Mwisho zikaja darubini za bunduki. Waliozileta walikuwa askari wa hifadhi ya wanyama iliyo nje ya mji, wanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na wakulima wanaolinda mashamba yao dhidi ya nguruwe pori.

Kwa asiyewahi kuchungulia ndani ya darubini ya bunduki: katikati yake kuna mistari miwili myembamba iliyopishana. Hiyo ndiyo alama. Mahali mistari inapokutana ndipo unapolenga. Alama ya kawaida ni nyeusi, na juu ya karatasi nyeupe inaonekana safi kabisa. Lakini iweke juu ya mnyama mweusi aliyesimama kivulini! Ni sawa na kuandika kwa mkaa kwenye kitako cha sufuria. Ndiyo maana watengenezaji wakabuni taa, ndogo kuliko kichwa cha siafu, iliyofichwa pembeni mwa darubini, ikila betri ya duara kama ya saa. Ukiiwasha, mistari ile inageuka myekundu. Kuna pia kitasa cha kuzungusha chenye namba, moja hadi kumi na moja, kila namba na ukali wake.

Fundi Kengeza hakuzichukia taa hizo, wala hakuzishangilia. "Taa ni chumvi," alimwambia kila mteja. "Ikikosekana, chakula hakiliki. Ikizidi, hakiliki vilevile."

Kila darubini ya taa iliyoletwa kwake, jambo la kwanza alikuwa akitoa betri na kuchungulia. Alama ikibaki, nyeusi na imara, aliitikia kwa kichwa. Alama ikipotea pamoja na taa, alimrudishia mwenyewe kwa sauti ya msibani: "Pole sana. Siku betri ikifa, na wewe umekwisha."

Siku moja alifika bwana wa klabu ya shabaha, amevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne.

"Fundi, darubini yako mbovu. Taa haiwaki."

"Yangu au yako?"

"Yangu, lakini ulinisafishia wewe."

Fundi akafungua kifuniko, akatoa betri, akaigeuza juu chini, akafunga. Taa ikawaka. Yule bwana akakohoa kidogo.

"Sawa. Lakini nikiwa uwanjani hata ikiwaka siioni."

"Unapiga saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Karatasi yako rangi gani?"

"Nyeupe."

"Sasa taa ya nini, ndugu yangu? Unalimulikia jua njia?" Akamrudishia darubini yake. "Izime. Tena kile kinukta cha katikati kikiwaka kinanenepa, kinafunika shabaha nzima. Unalenga kitu ambacho umekifunika mwenyewe. Iwashe penye giza, juu ya kitu cheusi, na hata hapo kidogo tu."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na jibu la kila swali kuhusu taa hizi, na alijua kwamba analo. Mkewe, mshonaji wa nguo aliyeweka cherehani yake chumba cha pili, alisema mumewe akifa atamsahihisha mchimba kaburi.

Basi Jumanne moja, alasiri, mlango wa karakana ukasukumwa na buti lenye tope.

"Hodi hapa kwa mkonyezaji!"

"Karibu, mchoma sindano," akajibu bila kuinua kichwa. "Leo umemdunga nani?"

Aliyeingia alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, daktari wa wanyama kule hifadhini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na sauti ya kuzidi umbo lake. Kazi yake ilikuwa kutibu wanyama ambao hawawezi kupanga foleni: aliwalaza kwa bunduki inayorusha sindano ya dawa ya usingizi badala ya risasi, kisha akawatibu wakiwa wamelala. Kwa kawaida aliingia karakana ile na vicheko. Siku hiyo aliweka darubini juu ya blanketi, akavuta kigoda, akakaa bila kucheka.

"Sijamdunga mtu, Mjomba," akasema mwishowe. "Ndiyo balaa lenyewe."

Akaeleza. Kulikuwa na nyati jike aliyenaswa na mtego wa majangili. Aliukata ule mtego akakimbia, lakini waya ukabaki mguu wa mbele, na kila siku ukizidi kuzama. Sasa ulikuwa unakaribia mfupa. Ana ndama anayenyonya. Mchana kutwa anajificha ndani ya kichaka kinene ambako hata upepo unaomba ruhusa. Anatoka alfajiri tu kunywa maji, na jua likichomoza amesharudi. Nyati mwenye maumivu ni hatari. Wiki iliyopita alimkimbiza askari wa doria mpaka juu ya mti.

"Nimempiga mara mbili, nimemkosa mara mbili. Mara ya kwanza nilizima taa. Alama nyeusi, ngozi nyeusi, na kote kulikuwa bado kiza. Nikakisia, sindano ikapita juu ya mgongo. Mara ya pili nikawasha namba moja, ile ya chini kabisa. Mjomba, ni kama mtu kanisogezea kaa la moto jichoni! Wekundu mtupu. Nyati akapotelea nyuma yake."

"Namba moja?"

"Namba moja. Na Afande amechoka." Afande ndiye mhifadhi mkuu, bosi wake. "Amesema Alhamisi alfajiri ndiyo mwisho. Asipolala kwa sindano, atalala kwa risasi. Siwezi hata kumlaumu. Akiua mtu itakuwaje? Lakini kama kuna njia ya kumponya yule mama, ninayo mimi, na inanishinda kwa sababu ya kijitaa!"

Fundi Kengeza akachukua darubini, akatoa betri, akachungulia kuelekea dirishani. Alama ikabaki. Nzuri. Akarudisha betri, akawasha namba moja, akaifunika kwa kiganja.

"Hii inakuunguza? Hii mimi naiona kwa shida."

"Ndiyo hiyo."

"Haya. Tatizo dogo." Akafungua mtoto wa meza na kutoa rizista mbili tatu, vidude vyenye mistari ya rangi, vidogo kama punje za mtama. "Naweka hiki kati ya betri na taa. Kinabana umeme kama unavyobana mpira wa maji kwa kidole. Namba moja yako inakuwa nusu, au robo. Darubini yenyewe siigusi, kazi yote inaishia kwenye kifuniko cha betri. Kesho jioni njoo uchukue nyati wako."

"Una uhakika?"

"Mpwa wangu, uliza kitu kingine."

Jumatano aliianza kazi mapema. Alikata kipande cha duara cha plastiki, akachoma rizista juu yake kwa risasi ya kuchomelea, akakipenyeza chini ya betri. Kisha akahitaji nyati. Ukumbi mwembamba unaokwenda jikoni ulikuwa na kiza ukifunga milango yote miwili. Mwisho wake palikuwa na msumari. Akatundika hapo koti jeusi la mkewe, akaweka darubini juu ya mrundo wa vitabu upande wa pili.

Mkewe akafungua mlango wa jikoni. "Koti langu linafanya nini huku?"

"Limekuwa nyati. Funga mlango."

"Nimelishona kwa siku nane, na lina bitana ya hariri."

"Basi ni nyati mwenye bitana. Funga, bibie, mwanga unaingia!"

Akaketi gizani, akangoja macho yake yazoee, akachungulia. Taa ilikuwa bado kali kidogo. Akabadilisha rizista, akaweka kubwa zaidi, akarudi, akangoja tena. Mara ya nne akaguna kwa raha. Mistari miwili myekundu, myembamba, imetulia juu ya weusi wa koti kama uzi wa buibui wenye umande. Haikuzidi, haikupungua. Akafunga kifuniko, akapaka tone la gundi kisilegee hata kwa tetemeko, akaenda kunywa chai yake akiwa mtu aliyemaliza.

Mpwa wake alifika saa kumi na moja jioni. Fundi akamkalisha ukumbini juu ya ndoo iliyofunikwa, akafunga milango.

"Kaa kwanza dakika kumi, macho yazoee. Halafu tazama, halafu uje unishukuru."

Dakika kumi zikapita. Fundi alisimama nje ya mlango amefumbata mikono kifuani.

"Mjomba?"

"Naam."

"Umeipunguza kweli?"

"Unaulizaje?"

"Maana bado inawaka kama taa ya nyuma ya lori."

Akafungua mlango. "Haiwezekani. Ondoka hapo." Akakaa yeye juu ya ndoo, akangoja, akachungulia. Uzi wa buibui, umande, raha tupu. "Hii? Hii ndiyo lori?"

"Ndiyo hiyo."

"Macho yako yana nini?"

"Yangu hayana kitu! Yako je?"

"Yangu yametengeneza darubini za mji huu mzima kabla hujazaliwa!" Akaita kwa sauti kubwa: "Bibie! Njoo uamue hapa!"

Mkewe akaja na tepu ya kupimia shingoni, akakaa juu ya ndoo akilalamika magoti, akachungulia muda mrefu.

"Naona koti langu, tena linataka pasi."

"Taa! Taa unaionaje?"

"Taa... ipo. Kidogo tu. Kama ncha ya njiti inayozimika."

Fundi akapiga makofi mara moja. "Umesikia! Wawili kwa mmoja."

"Mjomba," mpwa wake akasema polepole, "nyati hapigi kura. Na kesho anayelenga ni nani, wewe au mimi?"

Fundi Kengeza akageuka kumkabili.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu, na mwanga hafifu wa jioni ulimwangukia mpwa wake usoni. Fundi akamtazama. Alimtazama kama anavyotazama kamera iliyoletwa na mtu asiyejua inaumwa wapi. Akamsogelea, akamshika kidevu.

"Usipepese."

"Unanitafuta nini?"

"Mboni." Yaani lile tundu jeusi la katikati ya jicho. Za binti yule zilikuwa zimefunguka kwa sababu ya kiza, kubwa, nyeusi, kama vifungo vya shati. Fundi akachukua kioo cha kunyolea kilichotundikwa ukutani, akajitazama mwenyewe mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Mboni zake zilikuwa ndogo kama punje za ulezi.

Akakaa chini juu ya ndoo.

Kamera ina tundu linalofunguka na kufungika, kwa vijani vyembamba vya chuma, kuruhusu mwanga mwingi au kidogo. Kamera ikizeeka, vijani vinakakamaa, na tundu linabaki dogo hata gizani. Fundi alikuwa ametengeneza mamia ya matundu yaliyokwama. Alikuwa akiwaeleza wateja kwamba hata jicho la binadamu liko hivyo hivyo, kwamba mtu wa miaka sitini gizani anapata sehemu ndogo tu ya mwanga anaoupata kijana. Alilijua jambo hilo kama anavyojua jina la mamake. Ila katika siku nzima ya kujaribu taa, hakuwahi kukumbuka kwamba anayejaribu ana miaka sitini na tatu.

"Mganga hajigangi," mkewe akasema, akalichukua koti lake.

"Rudisha koti," akasema Fundi. "Sijamaliza." Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Mpwa wangu, nimekupimia kiatu kwa mguu wangu. Rudi juu ya ndoo."

Akaikwangua ile gundi aliyoiweka kwa majivuno. Wakaanza upya, safari hii yeye mezani na mpwa wake gizani. Alichoma rizista, akapitisha darubini kwenye upenyo wa mlango bila kuingiza mwanga, akangoja.

"Bado."

Akachoma nyingine.

"Bado. Lakini sasa naliona koti."

Nyingine. Mkewe alipita na chai, akafokewa na watu wawili kwa pamoja kwamba asifungue mlango, akainywa mwenyewe.

"Bado kidogo..."

Nyingine tena, kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na nyingine juu yake.

"Hapo! Mjomba, hapo hapo! Usiguse!"

Fundi akaingia ukumbini, akakaa, akangoja dakika kumi zake, akaweka jicho. Palikuwa na kiza tu. Akageuza kichwa, akajaribu jicho la kushoto, lililokuwa halijachoshwa na kioo. Kiza.

"Sioni kitu."

"Mimi naona nyuzi mbili nyekundu, na zinapokutana ni juu ya kifungo cha pili cha koti kutoka juu. Uzi wa kifungo chenyewe umelegea."

Mkewe akaenda na tochi, akapapasa koti. Kifungo cha pili kilikuwa kimelegea.

Kwa miaka arobaini hakuna kitu kilichowahi kutoka karakana ile kabla Fundi Kengeza hajakiona kwa jicho lake kwamba kimepona. Sasa alikuwa ameshika darubini ambayo kwake yeye ilikuwa imezimika. Kama amekosea, hangejua. Na kesho alfajiri si kifungo kitakachokuwa nyuma ya zile nyuzi. Akaigeuza mkononi mara mbili. Kisha akaweka tone la gundi kwenye kifuniko, akaipuliza ikauka, akamkabidhi.

"Hiyo ni ya macho yako. Nakuja na wewe kesho."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Alhamisi, anga ikiwa bado rangi ya jivu, walikuwa ndani ya gari la hifadhi lisilo na paa, limezimwa, limeegeshwa nyuma ya vichaka hatua thelathini hivi kutoka kwenye bwawa. Mpwa wake mbele, bunduki ya sindano begani. Pembeni yake Afande, mtu mpana mwenye masharubu yaliyochanwa, na bunduki ya risasi imelala juu ya mapaja yake. Fundi nyuma, kati ya sanduku la dawa na koleo kubwa la kukatia waya.

"Na huyu mzee?" Afande alikuwa ameuliza wakati wa kuondoka.

"Fundi wa taa," mpwa akajibu.

"Taa ikikataa, ataisukuma?"

"Nikisukuma mimi, Afande, ni wewe utakayeanguka," Fundi akasema, na Afande akatabasamu bila kutaka.

Kundi la nyati likaja kunywa. Upande wa bwawa ulioelekea mashariki palikuwa na majani makavu, meupe meupe, na nyati walipopita mbele yake ungeweza kuwahesabu. Jike mwenye waya alikuja mwisho, akichechemea, ndama ubavuni. Fundi alimsikia mpwa wake akivuta pumzi. Kwenye majani yale meupe alama nyeusi ilitosha, taa haikuhitajika. Lakini nyati wengine wawili walisimama mbele ya yule jike, wakakataa kuondoka. Sindano haichagui, ingemlaza mwenye afya.

Wakangoja. Afande alitazama anga ikifunguka. Kundi likaanza kurudi, na yule jike akageuka, akaingia chini ya mti mnene ukingoni mwa kichaka. Hatua tatu zaidi na angekuwa amekwenda. Akasimama hapo kumlamba ndama. Peke yake! Lakini kivulini. Kwa Fundi, yule nyati alikuwa ametoweka kabisa, weusi ndani ya weusi.

Kisha akasikia mlio mdogo, *tk*. Kitasa kimezungushwa. Namba moja.

Hakuna cha kuuliza wakati kama huo. Aliona mgongo wa mpwa wake tu, na kidole chake kikiwa kimetulia pembeni ya kifyatulio. Kidole hakikusogea. Mbona hasogei? Haioni? Fundi alijikuta amefumba macho yote mawili, maana hayakuwa na kazi pale.

*Paf!*

Nyati waliobaki wakatimka. Matawi yakavunjika. Ndama akalia mara moja, kisha kimya na vumbi.

Afande alikuwa amesimama tayari, darubini ya mkononi usoni. "Sijaona sindano. Umekosa."

"Imo," mpwa akasema.

"Iko wapi? Fundi, umeona?"

"Mimi sijaona hata nyati," Fundi akajibu. "Lakini aliyeona ndiye anayesema."

"Bega la kushoto, chini kidogo ya nundu," mpwa akasema. "Nimeona kishada chekundu cha mkia wa sindano. Imeingia yote. Afande, nipe dakika kumi."

Afande akamtazama, akaitazama bunduki yake, akaitazama saa. "Kumi. Sizidishi."

Dakika ya nane walisikia kitu kizito kikijilaza, kama gunia linaposhushwa taratibu. Walimkuta hatua hamsini ndani, amelalia kifua, miguu imekunjwa chini yake, ndama amesimama mbali akitetemeka. Kishada chekundu kilikuwa bega la kushoto, chini kidogo ya nundu.

"Mjomba, funga macho yake kwa kitambaa, asishtuke. Upesi!"

Kwa hiyo Fundi Kengeza akapiga magoti mbele ya kichwa kikubwa kuliko meza yake. Kabla ya kufunga alichungulia, hakuweza kujizuia. Mboni ya nyati haikuwa duara, ilikuwa imelala kwa mapana, ndefu na laini, na ndani yake alimwona mtu mdogo aliyekunja jicho moja. "Samahani, mama," akamwambia, akafunga kitambaa. Nyuma yake koleo likaubana waya likateleza, likabana tena, likalia *kwach*. Mpwa wake akauvuta ule waya mikunjo mitatu kutoka ndani ya nyama, akaosha, akapaka dawa, akachoma sindano mbili, huku akitukana majangili kwa matusi ambayo dada yake Fundi hakumfundisha.

"Mfupa mzima," akasema. "Mfupa mzima, Afande!"

Afande alikuwa amemgeuzia mgongo na kujifanya anamlinda ndama.

Walirudi garini, wote isipokuwa daktari, aliyebaki kutoa kitambaa na kudunga dawa ya kuamsha. Kisha naye akaja mbio, akaruka ndani. Dakika moja. Matawi yakatikisika. Jike akajitokeza, akayumba, akasimama kwa miguu minne. Alilitazama gari kwa namna iliyomfanya Fundi ashike ubao wa kiti. Ndama akapita chini ya tumbo lake, akapiga kichwa kwenye chuchu, akaanza kunyonya papo hapo. Wakaingia kichakani pamoja, mama akichechemea bado, lakini mguu akiukanyagia.

Gari likafika langoni. Hapo Afande akazima injini, akageuka nyuma.

"Fundi. Na darubini yangu uifanye hivyo hivyo."

"Una miaka mingapi, Afande?"

"Hamsini na sita. Kwani?"

"Basi hapana. Nikikuwekea ya huyu binti hutaiona mpaka kesho. Yako itakuwa kali zaidi."

"Unaniita mzee?"

"Sikuiti. Nakupimia." Akanyoosha mkono. "Ilete. Halafu Jumamosi uje mwenyewe ukae juu ya ndoo."

Mpwa wake alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo cha mbele, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Afande akapapasa mfukoni, akatoa bisibisi, akaanza kulegeza skrubu zilizoshika darubini ya bunduki yake moja baada ya nyingine.